Maji ya Mji, Ardhi ya Kaunti

Nataka kuzungumzia jambo ambalo wakazi wa Nairobi hulikumbuka mfereji unapokauka na kulisahau maji yanaporudi. Hoja yangu ni moja, na nitaitaja mapema ili mnipime kwayo hadi mwisho. Usalama wa maji ya mji mkubwa hutegemea kwanza jinsi ardhi inavyotumiwa katika kaunti za jirani, na kwa hiyo mji usio na mkataba wa haki na kaunti hizo hauna ulinzi wa maji, hata ukijenga mabwawa kumi. Nitautumia mfano wa Nairobi na majirani zake Murang'a, Nyandarua na Kiambu. Hapo ndipo tatizo linapoonekana waziwazi, na hapo ndipo sheria zetu zimekwisha kutupa zana za kulitatua ambazo bado hatujazishika.

Tuanze na mahali maji yanapotoka. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 4.4 jijini Nairobi. Sehemu kubwa ya maji yao hutoka katika bwawa la Thika lililoko Ndakaini, Gatanga, katika Kaunti ya Murang'a. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994 na lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Hulishwa na mito Thika, Githika na Kayuyu inayoteremka kutoka misitu ya Milima ya Nyandarua, ambayo wengi huiita Aberdare. Bwawa la Sasumua, lililojengwa katika miaka ya 1950, liko Kaunti ya Nyandarua. Maji ya Ndakaini na yale ya Mto Chania husafishwa Ng'ethu, katika Kaunti ya Kiambu, kabla ya kushuka jijini. Basi glasi moja ya maji mezani Nairobi inaweza kuwa imepitia mikononi mwa serikali kadhaa za kaunti, na mnywaji hakuipigia kura ila moja tu kati yake. Tena Thika na Chania ni mito ya bonde la Tana, ilhali Nairobi imekaa katika bonde la Athi. Maji yakishatumika jijini hayarudi yalikotoka. Huingia Mto Athi, yakapita Machakos na Makueni, na mwisho hufika baharini kupitia Sabaki karibu na Malindi. Murang'a hutoa maji ambayo haitayaona tena.

Juu kabisa ya milima hiyo kuna msitu wa serikali, uliozungushiwa uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009. Pembeni mwa msitu kuna ukanda wa chai ya Nyayo, mpango ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuzuia mashamba yasiendelee kuumega msitu. Hatua hizo mbili zilisaidia sana. Lakini chini ya uzio na ukanda huo ndipo wanapoishi watu, na ndipo penye miteremko mikali iliyogawanywa vipande vidogo vya chai, kahawa, mahindi, viazi na mboga. Mvua ya masika inaponyesha msituni, majani na takataka za miti huipunguza kasi, maji yakazama ardhini na kutoka polepole mtoni miezi ya kiangazi. Inaponyesha kwenye mteremko uliolimwa bila matuta, hukimbia juu ya ardhi, ikabeba udongo wenye rutuba na kuumwaga mtoni siku hiyohiyo. Hivyo mji huumia mara mbili: hupata tope wakati wa mvua, kisha hukosa maji wakati wa jua. Kingo za mito zilizolimwa hadi majini, machimbo ya mawe na barabara za udongo zisizo na mitaro huongeza tope hilo. Kwenye mitambo tope humaanisha shabu zaidi na vichujio vinavyoziba. Kwenye bwawa humaanisha nafasi ya maji inayopungua mwaka hadi mwaka. Mkulima naye amepoteza udongo ambao angepaswa kumwachia mwanawe. Hasara ni ya pande zote mbili, na kwa sababu hiyo mapatano yanawezekana.

Sasa tuulize ni nani mwenye uamuzi juu ya mteremko huo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na kutekeleza sera za taifa za kuhifadhi udongo na maji. Sheria ya Maji ya 2016 kwa upande wake inasema rasilimali za maji zimo mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mto ni wa taifa, mteremko unaouzunguka hupangwa na Murang'a, na bili hutolewa na kampuni ya maji ya Nairobi. Kila ofisi yaweza kutimiza wajibu wake barabara, na bado mto ukaharibika. Ombi la kugawa shamba likifika mbele ya afisa wa mipango huko Gatanga, swali huwa ni ukubwa wa kipande, njia ya kukifikia na ada. Athari kwa bwawa lililo bondeni haina mtetezi wa lazima kwenye meza ile. Hali ni hiyohiyo upande wa pili. Nairobi inapoidhinisha jengo la ghorofa kumi na tano mahali palipokuwa na nyumba moja, imeamua pia kiasi cha maji kitakachotakiwa kutoka Murang'a, na Murang'a haikuulizwa. Kila upande hupanga kana kwamba mwenzake hayupo, huku maji yakiendelea kuwaunganisha.

Wapo watakaosema dawa ni amri: piga marufuku, weka askari, toza faini. Dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa kwenye vilima hivihivi. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni uliwalazimisha watu wa Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mzigo mkubwa wa kazi hiyo isiyo na malipo uliwaangukia wanawake. Mwaka 1947 watu waliigomea, na mwaka uliofuata wanawake wenyewe wakasimama kuupinga mpango. Tanganyika ilipitia yaleyale. Milima ya Uluguru, inayoulisha Mto Ruvu ambao Dar es Salaam hunywa hadi leo, iliwekewa mpango wa matuta ya lazima, na mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukasambaratika. Tuta lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika kumtwisha mtu kazi ambayo faida yake imeamuliwa na mwingine. Machakos ni ushahidi wa upande wa pili. Huko wakulima walieneza kwa hiari matuta ya fanya juu katika miongo iliyofuata, walipokuwa na uhakika wa ardhi yao na soko la mazao yao. Mkono mtupu haulambwi, na hifadhi ya udongo haijawahi kuikwepa kanuni hiyo.

Njia nyingine iliyojaribiwa na miji yenye nguvu ni kujitwalia. New York ni mfano mzuri, kwa kuwa ilianza kwa kutwaa na ikaishia kupatana. Sheria ya 1905 iliupa mji huo uwezo wa kuchukua ardhi katika Milima ya Catskill, mbali na mipaka yake. Bwawa la Ashokan lilijengwa kati ya 1907 na 1915, mengine yakafuata hadi miaka ya 1960, na vijiji kadhaa vikafunikwa na maji. Uchungu ule ulidumu vizazi. Kisha mwaka 1989 serikali kuu ya Marekani ilitoa kanuni iliyoitaka miji inayotumia maji ya mito na mabwawa ichuje maji hayo, isipokuwa ikithibitisha kwamba inavilinda vyanzo vyake. Makadirio ya gharama ya mtambo wa kuchuja yalifika mabilioni ya dola. Mji ulipojaribu kukwepa gharama hiyo kwa kutangaza masharti makali ya matumizi ya ardhi huko juu, miji midogo ya Catskill iliungana mwaka 1991 na kupinga. Ubabe ulikuwa umefika ukingoni, ikabidi watu wakae kitako wazungumze.

Mkataba uliotiwa saini Januari 1997 kati ya Jiji la New York, serikali ya jimbo, serikali kuu, kaunti na makumi ya miji midogo unastahili kusomwa kwa makini na kila bunge la kaunti nchini mwetu. Jiji lilikubali kununua ardhi kwa mwenye kutaka kuuza tu, bila kumnyang'anya mtu, na kuendelea kulipia kodi ya ardhi hiyo ili hazina za miji midogo zisidhoofike. Liligharimia ukarabati wa maelfu ya mashimo ya majitaka ya nyumba za vijijini. Liligharimia pia mipango ya hifadhi katika mashamba ya mifugo, ikisimamiwa na baraza ambalo wakulima wenyewe wana sauti kubwa ndani yake. Lilifadhili shirika la kuendeleza uchumi wa wenyeji. Miji midogo nayo ilikubali kanuni mpya za ujenzi na majitaka karibu na mito. Malalamiko hayakwisha, hasa kuhusu ardhi inayonunuliwa na jiji, lakini sasa yana mahali pa kusikilizwa. Hadi leo sehemu kubwa kabisa ya maji ya New York hufika mjini bila kupitia mtambo wa kuchuja, na mkataba umedumu kupita mameya wa vyama tofauti.

Kwetu mbegu kama hiyo imekwisha kupandwa. Kuanzia mwaka 2010, katika bonde la Mto Malewa, wakulima wadogo wa Nyandarua walipewa vocha na watumiaji wa maji wa Ziwa Naivasha walio chini yao, wakiwemo wakuzaji maua, ili wapande nyasi na miti na kuacha kulima kingo. Huko Uluguru ulikuwepo mpango wa kuwalipa wakulima kwa matuta na upandaji miti, na shirika la maji la Dar es Salaam likiwa miongoni mwa walipaji. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, unaowasaidia wakulima kutengeneza matuta, kupanda nyasi za nepia na kuchimba vidimbwi vya kuvunia mvua. Utafiti uliouandalia njia mfuko huo ulikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwenye ardhi zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30, kwa mkulima, kwa kampuni ya maji na kwa uzalishaji umeme. Hizi ni hatua za kuheshimiwa. Lakini msingi wake ni hisani na hiari ya wafadhili, na hazigusi mpango wa ardhi. Mfuko unaweza kumsaidia mkulima kupanda nepia ukingoni mwa mto, na mwaka ujao kibali kikatolewa cha kujenga palepale. Anayenunua tangi na mifereji ya kukinga mvua huku paa lake limejaa uchafu hajajipatia maji ya kunywa. Nairobi imelipia matangi na mifereji kwa miaka mingi, na paa imeliacha kwa wafadhili.

Kinachokosekana ni mkataba wa kisheria baina ya kaunti zenyewe, na msingi wake upo. Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali za kaunti zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Sheria ya 2019 ya mipango ya maeneo na matumizi ya ardhi inaruhusu kaunti mbili au zaidi kuandaa mpango mmoja. Napendekeza Nairobi, Murang'a, Nyandarua na Kiambu waandae mpango wa namna hiyo kwa ajili ya vyanzo vya maji vinavyolihudumia jiji, wakianza na ramani moja inayoonyesha miteremko hatari, kingo za mito, maeneo oevu na barabara zinazotiririsha udongo. Kila ombi la kugawa au kubadili matumizi ya ardhi katika maeneo hayo lipimwe kwa ramani hiyo, na kila ombi la ujenzi mkubwa jijini lipimwe kwa maji yaliyopo. Ada iliyotajwa wazi kwenye bili ya Nairobi iende moja kwa moja kwenye kazi za hifadhi huko juu, bila kupitia hazina kuu ya kaunti yoyote. Mamlaka ya pamoja iwape wawakilishi wa vyanzo uzito sawa na wa jiji, na vyama vya watumiaji wa maji vya mitoni, vinavyotambuliwa na sheria, viwe na viti. Kisha tope lipimwe mtoni kila msimu na matokeo yatangazwe hadharani, ili anayelipa na anayelipwa wajue kama kazi inafanyika.

Yapo mapingamizi mazito, nami sitayapita kando. La kwanza husema maji ni ya taifa zima, kwa hiyo Murang'a haina haki ya kuyauza. Nakubali kwamba hayauzwi. Viongozi wa Murang'a wamewahi kudai mgao wa mapato ya maji ya Nairobi, na mjadala ukawa ni wa nani mwenye mto. Mimi nadhani dai hilo limesimama juu ya msingi usio imara, ingawa kilio chenyewe ni cha haki. Mvua haikutengenezwa na Murang'a, lakini tuta la fanya juu limechimbwa na mtu, na ukingo ulioachwa bila kulimwa ni mavuno ambayo familia fulani imeyakosa. Malipo ni ya kazi na ya kujinyima. Tukilifafanua dai hivyo, mzozo wa umiliki unapoteza makali, na fedha zinafuata jembe badala ya kufuata ofisi.

Pingamizi la pili linamhusu maskini wa mjini. Mkazi wa Mukuru au Mathare anayenunua maji kwa mtungi hulipa bei kubwa kwa kila lita kuliko mwenye mfereji nyumbani, na si haki kumwongezea mzigo. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake liko katika jinsi ada inavyopangwa. Bei za maji nchini tayari hupanda kadiri mtu anavyotumia zaidi, kwa hiyo ada ya vyanzo iwaangukie viwanda, hoteli na nyumba zenye matumizi makubwa, na vioski vya maji visamehewe. Tukumbuke pia kwamba maskini tayari analipia uharibifu wa ardhi. Bwawa likipungua na mgao ukianza, mwenye tangi juu ya paa hustahimili wiki nzima, na mwenye mtungi huanza kutafuta maji jioni hiyohiyo kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa mkulima, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Murang'a ina watu zaidi ya milioni moja, na Catskill si hivyo. Huwezi kununua vilima vyake, wala kumwambia mwenye robo ekari aache nusu yake bila kulima. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana mfano wa New York hauwezi kunakiliwa neno kwa neno. Mwaka 1965 ilitolewa kanuni ya kilimo iliyokataza kulima bila idhini mteremko unaozidi asilimia 35, na kila atazamaye vilima vyetu anajua ilivyopuuzwa, kwa kuwa ilimkataza mtu bila kumpa badala. Mpango wa pamoja lazima uanze na kile kinachomfaa mkulima mwenyewe. Nepia inayoshika udongo humlisha ng'ombe wa maziwa. Kidimbwi cha mvua humwezesha kulima mboga kiangazi. Barabara yenye mitaro humfikisha sokoni. Pale ambapo sheria inamtaka aache kabisa ukingo wa mto, alipwe kila mwaka kwa mavuno aliyoyakosa, na kiwango kijadiliwe naye.

Wengine husema suluhisho ni ujenzi. Handaki la kilomita 11.8 limechimbwa kuchukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati hadi bwawa la Thika, ili kuliongezea jiji lita milioni 140 kwa siku. Sipingi mahandaki, kwani jiji linakua na linahitaji maji. Lakini handaki huleta kile kilichomo mtoni, tope likiwa ndani yake, na haliwezi kuongeza mtiririko ambao mteremko umeupoteza. Ubishi mkali uliozuka nchini kuhusu mradi huo mwaka 2016, wenyeji wakihofu kukaushiwa mito, ulionyesha gharama ya kujenga kabla ya kupatana. Kadiri tunavyochukua maji zaidi, ndivyo deni letu kwa ardhi inayoyatoa linavyoongezeka.

Mwisho kuna wanaosema mikataba ya kaunti hufa magavana wanapobadilika. Hofu hiyo ina sababu, na hapa New York inatufunza jambo moja kubwa. Mkataba wao umedumu kwa sababu ruhusa ya kutochuja maji imefungwa kwenye utekelezaji wake, na jiji likiuvunja litalazimika kujenga mtambo. Nasi tuifunge ahadi vivyo hivyo. Kibali cha kuchukua maji kutoka mito ya Tana, kinachotolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kiwe na sharti la kuchangia hifadhi na kushiriki katika mpango wa pamoja. Hapo gavana mpya atakuta wajibu uliokwisha kuandikwa. Sharti hilo liitazame Nairobi pia kama jirani wa juu. Machakos, Makueni na Kilifi hupokea Mto Athi baada ya jiji kuutumia, na hatuwezi kumtaka mkulima wa Gatanga alinde maji yetu huku sisi tukiwamwagia wenzetu majitaka. Kanuni ya haki tunayoidai huko juu ndiyo tutakayodaiwa huko chini.

Nawaomba wabunge wa mabunge manne ya kaunti waanze na hatua ya kwanza, nayo ni kuunda kamati ya pamoja na kuidhinisha ramani moja ya vyanzo. Nawaomba wapanga miji mnaosoma hapa mjifunze kusoma mteremko kama mnavyosoma mtaa. Na wewe unayelipa bili ya maji Nairobi, muulize mwakilishi wako ni shilingi ngapi katika bili hiyo zimerudi kwenye ardhi inayokunywesha. Swali hilo likiulizwa na watu wengi, litajibiwa. Na mji utakaolijibu kwa haki utapata majirani walio na sababu ya kuulinda mto hata pasipo askari.